"Leteni Mwili" Si Maiti: Kilatini cha Kotini Kisikutishe



Nianze na kosa langu mwenyewe, usije ukadhani nakufundisha kutoka juu.

Miaka michache nyuma kijana mmoja wa mtaa wetu hapa Mombasa alichukuliwa baada ya Isha. Anauza kava na chaja za simu, si mtu wa maneno mengi. Watu waliovaa kiraia walimtia kwenye gari na gari likaondoka. Usiku ule tulizunguka vituo vitatu vya polisi. Kila kituo jibu ni moja: hayuko, hajaandikwa kwenye OB, jaribuni kwengine. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu tukamwendea wakili, naye hakuzungusha maneno. Akasema, "Tutaingiza habeas corpus Mahakama Kuu leo leo."

Mamake kijana alikuwa kwenye benchi ya nje, leso kajifunika mpaka karibu na macho. Akaniuliza, "Mwanangu, wakili amesema nini?" Sasa mimi nina diploma. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba corpus ni mwili. Nikamjibu haraka, tena kwa kujiamini, "Mama, amesema atamwomba jaji awaamuru polisi walete mwili."

Wallahi ile sauti aliyotoa sitaisahau. Manake kwa Kiswahili chetu mwili ukiletwa, umeletwa kutoka mochari. Mtu hai hatumwiti mwili. Tukisikia "mwili umepatikana" tunatafuta sanda. Ilibidi wakili mwenyewe atoke nje, achutame mbele yake, amwambie, "Mama, mwanao tunamtafuta akiwa hai. Hii karatasi inasema mleteni huyo mtu hapa, jaji amuone."

Dakika kumi zile yule mama aliishi na msiba ambao haukuwepo, kwa sababu ya neno moja la Kilatini na tafsiri yangu mbovu. Toka siku ile nimeona kuwa kutojua maneno haya si aibu ndogo ya mtu asiyesoma sheria. Kunaumiza watu. Kunawafanya wakae kimya pale wangefaa kuuliza, washangilie pale wangefaa kuwa macho, na watie saini kitu wasichokijua.

Rai yangu leo ni mbili, na zinakwenda pamoja. Kwanza, jifunze maneno haya machache, hayana uchawi. Pili, usikubali hata siku moja mtu akuhukumu kwa lugha usiyoielewa, maana Katiba iko upande wako.

KWANI KILATINI KILITOKA WAPI?

Waingereza ndio waliotuletea koti hizi, na wao walikirithi kutoka kwa Warumi na Kanisa. Lakini hebu sikia hili. Waingereza wenyewe walilia kama sisi. Mwaka 1362 walipitisha sheria kwamba kesi zizungumzwe kwa Kiingereza, kwa kuwa raia walikuwa hawaelewi Kifaransa kilichotumika kotini. Kumbukumbu za kesi zikabaki kuandikwa kwa Kilatini. Ikachukua mpaka sheria ya 1730, iliyoanza kazi 1733, ndipo rekodi za koti nazo zikageuzwa Kiingereza. Na mwaka 1999 kanuni mpya za kesi za madai huko Uingereza ziliyaondoa maneno mengi ya Kilatini: badala ya ex parte wakaanza kusema "bila kumjulisha mwenzako", badala ya in camera wakasema "faraghani".

Yaani wenye mali wenyewe wameanza kuiweka stoo. Sisi tuliokabidhiwa ndio bado tunaing'arisha.

Jirani zetu Tanzania mwaka 2021 walibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikabaki kutumika pale haki inapohitaji. Kwetu Kenya, Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sawa na Kiingereza. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Lugha rasmi, halafu huko juu haina kiti. Hilo peke yake lingetosha kuandikiwa waraka.

Na usijione mgeni kabisa. Umeshatuma CV mara ngapi mwaka huu? Hicho ni Kilatini, curriculum vitae, mwendo wa maisha. Saa mbili AM, saa nane PM, Kilatini. Kipande kikipotea unaenda kuapa afidaviti. Neno hilo maana yake ni "ameapa". Na alibai, ile ya kusema siku hiyo nilikuwa harusini Malindi, maana yake ni "mahali pengine" tu. Unakisema kila siku, hujaambiwa.

Tena sisi tuliopitia madrasa tunajua kitu kimoja. Hukuzaliwa ukijua idghamu na ikhfaa. Ustadhi alikaa nawe, akakueleza neno, ukalirudia, likakaa. Kilatini cha kotini ni kidogo zaidi ya hapo. Haya twende.

1. HABEAS CORPUS

Neno kwa neno ni "uwe na mwili", yaani wewe uliyemshika, mlete mtu huyo mbele ya jaji na ueleze ni kwa sheria gani umemshika. Kwa Kiswahili chetu mimi sasa nasema "amri ya mleteni mtu". Mwili sisemi tena.

Nguvu ya amri hii ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1771 mtumwa Mwafrika, James Somerset, alifungwa minyororo ndani ya meli huko London ili apelekwe Jamaica akauzwe. Watu waliosimama kama wazazi wake wa ubatizo walikwenda kotini kuomba habeas corpus. Mwaka 1772 Jaji Mkuu Mansfield akaamua kuwa hakuna sheria ya Uingereza inayoruhusu mtu kumtoa mwenzake kwa nguvu namna hiyo, na Somerset akaachiliwa. Karatasi moja ilishinda mnyororo.

Juni 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilisema hata waliofungwa Guantánamo wana haki hiyo hiyo, ingawa serikali ilikuwa ikidai gereza liko Cuba, nje ya mamlaka ya koti zao.

Kwetu, Kifungu cha 25 cha Katiba kinataja haki nne ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kupata kesi ya haki, na amri ya habeas corpus. Isome tena hiyo orodha. Katiba imeiweka amri ya mleteni mtu kwenye safu moja na kutofanywa mtumwa.

Lakini nisikudanganye, karatasi si dua inayojibiwa hapo hapo. Mapema 2007 watu waliokimbia vita Somalia walishikwa Kenya na kupandishwa ndege kurudishwa Somalia, wengine baadaye wakajikuta Ethiopia, huku maombi ya habeas corpus yakiwa yamefikishwa kotini Nairobi. Mwaka huo huo Mkenya mmoja alishikwa hapa Mombasa akaishia Guantánamo. Alirudi nyumbani Desemba 2024, na muda wote huo hakufunguliwa mashtaka. Kwa hivyo funzo ni haraka. Amri hii inafanya kazi mtu akiwa bado karibu. Kila siku unayoipoteza ukisema "tungoje kidogo, labda watamuachilia", ni siku ya gari kwenda mbali.

Kwa yule kijana wetu, ombi liliingia siku ya tatu mchana. Kesho yake asubuhi, kabla hata jaji hajalisikiza, simu ikapigwa: kijana yuko mbele ya hakimu, njooni na mdhamini. Aliyekuwa "hayuko" siku tatu alipatikana usiku mmoja.

2. EX PARTE

Maana yake ni "kutoka upande mmoja". Upande mmoja umekwenda kwa hakimu au jaji na kupata amri bila wewe kuwepo. Kinyume chake ni inter partes, baina ya pande zote.

Hii inawagusa wengi. Mwenye nyumba anaweza kupata amri ex parte, landilodi na askari wakaja asubuhi, wewe hata hukujua kuna kesi. Polisi nao huenda kotini kuomba siku zaidi za kumzuilia mshukiwa, na familia iko nje haijui kinachoendelea. Chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, koti inaweza kuongeza siku hizo, lakini jumla haiwezi kupita 90.

Unachofaa kujua ni kwamba amri ya upande mmoja ni ya muda. Imetolewa kwa dharura, na lazima ifike siku upande wa pili usikizwe. Ukiona maneno ex parte kwenye karatasi usikate tamaa ukasema "koti imeshaamua". Bado. Tafuta tarehe ya inter partes, mara nyingi iko kwenye karatasi hiyo hiyo, na siku hiyo ufike. Wangapi wamepoteza nyumba na shamba kwa kutofika tu?

Kanuni iliyo nyuma yake wanaiita audi alteram partem, msikize na wa upande wa pili. Hii kwetu si ngeni. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ali (r.a.) kwenda Yemen kuwa kadhi, alimfundisha asitoe hukumu kwa maneno ya wa kwanza mpaka amsikize wa pili. Na kisa cha Nabii Daud na wale wagomvi wawili wa kondoo, katika Suratu Saad, unakijua. Warumi walilisema kwa lugha yao, sisi tumelisikia msikitini. Kwa hivyo ukilidai kotini huombi fadhila ya mtu.

3. PRIMA FACIE

Maana yake ni "kwa mtazamo wa kwanza". Upande wa mashtaka ukimaliza mashahidi wake, hakimu anajiuliza: nikiangalia hivi tu, kuna kitu hapa cha kumfanya mshtakiwa ajibu? Akisema hakuna, unaachiliwa hapo hapo. Akisema kuna prima facie case, una kesi ya kujibu.

Tatizo liko hapa. Familia zinasikia "kesi ya kujibu" zinadhani mtoto ameshafungwa. Nimeona mzee akianza kuuza pikipiki siku hiyo hiyo. Hapana, mzee wangu. Hakimu hajasema ana hatia. Amesema tu kuna maswali. Mshtakiwa sasa ana njia tatu: atoe ushahidi kwa kiapo na aulizwe maswali, atoe maelezo bila kiapo, au anyamaze. Na mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa upande wa mashtaka mpaka mwisho.

4. ACTUS REUS NA MENS REA

La kwanza ni tendo la hatia, la pili ni nia ya hatia. Kwa makosa mengi ya jinai koti inataka vyote viwili vithibitishwe. Yapo makosa ambayo sheria haidai nia, lakini mengi yanadai.

Wewe uliyefundishwa tokea mdogo kwamba matendo huenda na nia hili hutalisahau. Tofauti ni kwamba Mwenyezi Mungu anaijua nia yako moja kwa moja, hakimu anaitafuta kwenye simu yako. Anaangalia ulichoandika, ulichosambaza, ulimjibu nani na saa ngapi. Kijana mwenzangu, ile "nilifowadi tu bila kusoma" ni maelezo kuhusu mens rea. Inaweza kuwa kweli kabisa, lakini utaitolea maelezo ukiwa kizimbani. Fikiri kabla ya kubonyeza.

5. NOLLE PROSEQUI

Maana yake ni "kutotaka kuendelea na mashtaka". Zamani Mwanasheria Mkuu ndiye aliyekuwa akisimamisha kesi namna hii, na ilikuwa hakuna wa kumuuliza. Katiba ya 2010 ikaipeleka kazi hiyo kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ikaongeza na kufuli: hawezi kuiondoa kesi bila ruhusa ya koti.

Hapa ndipo tunaposhangilia mapema. Yule kijana wetu, baada ya miezi, upande wa mashtaka uliondoa kesi. Tulitoka kotini tukipiga takbira, nyumbani mbuzi akachinjwa. Wakili alikula nasi, halafu akanivuta pembeni akaniambia, "Mwambie asiipoteze simu yangu, na zile karatasi asizitupe." Kwa nini? Kwa sababu kesi ikiondolewa kabla upande wa mashtaka haujamaliza kutoa ushahidi wake, kwa kawaida hiyo si hukumu ya kutokuwa na hatia. Wanaweza kukushika tena kwa jambo lile lile. Lakini wakiiondoa baada ya kufunga ushahidi wao, Katiba inasema lazima uachiliwe kabisa. Tofauti ni kubwa. Siku ukiambiwa kesi imeisha uliza, "Imeondolewa, au nimeachiliwa bila hatia?"

6. LOCUS STANDI

Maana yake ni "mahali pa kusimama". Yaani una haki gani ya kuleta kesi hii, wewe inakuhusu nini?

Neno hili liliwahi kutumika kama mlango wa chuma. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alikwenda kotini kuzuia jengo la ghorofa 60 kujengwa ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Koti ikasema hana locus standi. Mama aliyekuwa akitetea bustani ya watu wote akaambiwa haimhusu. Jengo lenyewe halikujengwa, lakini lilizuiwa na kelele za watu, koti haikusaidia.

Leo Kifungu cha 22 kinasema unaweza kwenda kotini kwa ajili yako, kwa niaba ya mtu asiyeweza kwenda mwenyewe, kwa niaba ya kundi, au kwa maslahi ya umma. Mtu aliyezuiliwa hajulikani aliko hawezi kujipeleka kotini. Mamake anaweza. Jirani anaweza. Wewe unaweza. Na kifungu hicho hicho kinasema hakuna ada ya kufungulia kesi ya namna hii. Kanuni za 2013, zile zinazojulikana kwa jina la Jaji Mkuu Mutunga, zinaruhusu koti kupokea hata barua ya kawaida, au malalamiko ya mdomo yakaandikwa na koti yenyewe. Mtu akikuuliza "kwani wewe ni nani kwake?", jibu liko kwenye Katiba.

7. PRO BONO NA AMICUS CURIAE

Haya mawili ni ya wema. Pro bono publico ni "kwa manufaa ya umma", wakili anafanya kazi bila malipo. Ukiambiwa kesi ni pro bono usione haya kuuliza gharama nyingine, kama kupiga chapa na nauli ya mashahidi, nani atazilipa. Na tokea 2016 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, iliyounda huduma ya taifa ya kazi hiyo. Kwa kesi za jinai, Katiba inasema serikali ikupe wakili kwa gharama yake ikiwa bila yeye utadhulumika sana.

Amicus curiae ni "rafiki wa koti", mtu au shirika lisilo upande wowote linaloisaidia koti kwa ujuzi wake. Cha kufurahisha ni kwamba Katiba yetu haikutumia Kilatini hapo. Iliandika "rafiki wa mahakama" kwa Kiingereza cha kawaida. Ikiwa waandishi wa Katiba waliweza, hakimu na wakili wanashindwa wapi?

SASA WENGINE WATASEMA...

Watasema, "Wewe si wakili, waachie mawakili mambo yao." Nakubali nusu. Ukiumwa unaenda kwa daktari. Lakini daktari akikwambia anakata mguu, hutauliza ni upi? Kujua maneno haya hakukufanyi wakili. Kunakufanya mteja asiyedanganyika.

Mawakili nao watasema Kilatini ni kifupi, neno moja linaeleweka Nairobi, Lagos na Delhi bila ubishi. Ni kweli, na sioni ubaya wakizungumza hivyo baina yao. Ubaya unaanza pale mtu ambaye maisha yake ndiyo yanajadiliwa amekaa pale kama anayesikiliza redio ya nchi nyingine.

Na sisi pia tusijitoe. Kwenye koti ya kadhi dada zetu wangapi wameambiwa "faskhi" au "khului" wakaitikia kwa kichwa bila kujua? Khului kwa kawaida mke anarudisha mahari ili aachwe. Faskhi kadhi anaivunja ndoa mwenyewe kwa sababu iliyothibitishwa, kama mume kutotoa matumizi. Dada asiyejua tofauti anaweza kurudisha kitu ambacho hakupaswa kurudisha. Kiarabu nacho kikitumika bila kuelezwa kinamficha mtu haki yake, na kwa kuwa tunakiheshimu hatuulizi. Ukidai ufafanuzi kwa hakimu, udai na kwa kadhi. Haki haina upendeleo wa lugha.

BASI UFANYE NINI?

Ukishikwa wewe, Kifungu cha 49 kinasema uelezwe mara moja sababu, tena kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza, haki ya kuzungumza na wakili, na haki ya kufikishwa kotini si zaidi ya saa 24; zikiisha nje ya saa za koti, basi siku ya koti inayofuata. Una haki ya dhamana isipokuwa pakiwa na sababu nzito.

Akishikwa mwenzako, andika saa, mahali, namba ya gari ukiweza kuiona, na majina ya walioona. Nenda vituoni na uandike jina au namba ya afisa anayekwambia "hayuko". Hayo ndiyo yatakayojaza ombi la mleteni mtu. Usingoje siku ya tatu kama tulivyongoja sisi.

Ukiwa kotini na hujaelewa, inua mkono. Sema kwa adabu, "Mheshimiwa, sijaelewa neno hilo, naomba nielezwe kwa Kiswahili." Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Hakimu hatakufunga kwa kuuliza. Wengi wao hushusha kalamu na kueleza vizuri tu, ila walikuwa hawajaulizwa.

Na ukiwa wewe ndiye unayemtafsiria mzee au mama nje ya koti, chukua funzo langu. Usitafsiri neno, tafsiri jambo. Kama hujui sema hujui, kamuulize wakili, rudi.

Yule mama mpaka leo tukikutana sokoni hunitania. Huniambia, "Wewe ndiye uliyeniletea mwili." Anacheka, nami nacheka. Lakini kabla ya kuachana huniuliza neno moja jipya la koti maana yake nini, na nikimjibu hulirudia kwa sauti mara mbili, kama mtoto wa chuoni. Amejifunza kwa njia ngumu. Wewe umesoma hapa bure.

Mtumie huu ujumbe mtu mmoja ambaye ana kesi, au mama mmoja mwenye kijana. Na chini hapo andika neno ulilowahi kuambiwa kotini usilielewe. Tutalitafutia maana pamoja, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.